Wazazi, mtoto wenu anachezea nini?

Siku pakiti ile ilipofika nyumbani kwetu, hakuna aliyeiogopa. Ilikuwa ndogo na nyepesi, na ndani yake mlikuwa na chembe za rangi nyingi, nyekundu, buluu, njano na kijani, kila moja ndogo kama punje ya ulezi. Mjomba wa watoto, akaaye Brussels, alikuwa ameitia katika mzigo wa Noeli pamoja na viatu vya shule na kalamu. Alituandikia ya kuwa zaitwa shanga za maji, kwamba watoto wa Ulaya huzichezea sana, na ya kuwa walimu wa shule za watoto wadogo husema zafundisha vidole.

Jioni ile tulizimimina katika beseni, tukatia maji, tukaenda kusali na kulala. Kesho yake kulipokucha nilisikia kelele za watoto kana kwamba mgeni mkubwa amefika. Beseni lilikuwa limejaa! Kila chembe imekuwa kubwa kama gololi, laini, baridi, yenye kuteleza, na mwanga wa dirishani ulipita ndani yake kama ndani ya kioo. Mwanangu wa kiume, mwenye miaka saba, alitumbukiza mikono mpaka viwikoni. Dada yake wa miaka mitano alizipa jina palepale: macho ya samaki. Nami nisiwafiche neno, wasomaji wapenzi: mimi mwenyewe niliingiza mikono yangu katika beseni lile, na nusura nichelewe Misa.

Majirani walikuja kutazama. Na kwa kuwa mimi ni mwalimu, na mwalimu apendi kunyamaza mahali penye watu, niliwaeleza kwa maneno marefu faida ya mchezo wa namna ile. Niliyoyasema siku ile yalikuwa ya kweli, ila yalikuwa nusu tu ya kweli. Makala haya nayaandika kwa ajili ya nusu niliyoiacha.

Mkono wa mtoto nao unasoma

Nianze na nusu niliyoisema, maana sitaki mzazi yeyote afikiri ya kuwa kucheza ni upuzi. Mwenyezi Mungu amempa mtu milango mitano ya fahamu: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Mtoto mchanga hajui herufi, lakini anasoma tangu kulipokucha hata jua litue. Anasoma baridi ya maji, ukali wa limau, ugumu wa jiwe, ulaini wa shavu la mama yake. Ukimfunga mgongoni kutwa nzima kwa sababu tu wamwogopa atachafuka, umemnyima kitabu chake.

Aliyelifahamu sana jambo hili ni Bibi Maria Montessori, Mwitalia na Mkatoliki, aliyezaliwa mwaka 1870 na kufa mwaka 1952. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Roma, akapata shahada mwaka 1896, jambo lililokuwa adimu sana kwa mwanamke wa siku zile. Kwanza aliwatunza watoto wenye akili dhaifu, ambao wengine waliwaona kama mzigo, akagundua ya kuwa mkono ukifundishwa vema, akili huamka nyuma yake. Kisha, tarehe 6 Januari 1907, siku ya Epifania, alifungua Nyumba ya Watoto katika San Lorenzo, mtaa wa maskini mjini Roma. Watoto wa mtaa ule waliachwa peke yao wazazi wao walipokwenda kazini, wakawa wakizurura ngazini na kuharibu kuta za nyumba.

Montessori aliwapa nini? Hakuwapa vitu vya anasa. Aliwapa vibao, upande mmoja laini na upande mmoja wenye kukwaruza, wavipapase macho yamefumbwa. Aliwapa vipande vya mti vya mviringo, kila kimoja na tundu lake. Aliwapa vibao vya rangi wapange kutoka nyeusi zaidi hata nyeupe zaidi. Aliwafundisha kumimina maji bila kuyamwaga, kufunga vifungo, kufagia. Watoto wale waliosemekana kuwa wakorofi walikaa kimya, wameinama juu ya kazi yao kama maseremala.

Haya yote niliyajua tangu masomo yangu ya ualimu, na hayo ndiyo niliyowaambia majirani. Lakini nilisahau mambo mawili. La kwanza, vitu vya Montessori vilikuwa vya kuhesabika, kila kimoja na mahali pake katika kabati. Kikipotea kimoja, mtoto mwenyewe hukiona kuwa kimepotea. La pili, palikuwa na mtu mzima aliyetazama. Katika beseni letu mlikuwa na maelfu ya chembe zisizohesabika, na mtu mzima alikuwa amekwenda kuzungumza na majirani.

Shanga hizi ni kitu gani?

Si kioo, wala si lulu ya baharini. Ni namna ya plastiki inayokunywa maji. Wenye elimu ya kemia huiita poliakrilati au poliakrilamidi, kwa kadiri ilivyotengenezwa. Ndani yake mna nyuzi ndefu zisizoonekana kwa macho, zimefungamana kama wavu uliokunjwa. Maji yakiingia, wavu hukunjuka na kuyashika, wala hauyaachi hata ukiuminya. Hivyo chembe moja yaweza kunywa maji mara mia na zaidi ya uzito wake.

Nanyi akina mama mmekwisha kuzoea ndugu yake bila kumjua. Pasueni moja ya zile nepi za kutupa, ambazo wengi huziita pampasi. Mtaona unga mweupe ndani yake; huo ndio unaoshika mkojo wa mtoto hata nguo isilowe. Katika miaka ya 1960 na 1970 wataalamu wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, katika mji wa Peoria, walitengeneza kitu cha namna hii kutokana na wanga wa mahindi. Wakulima nao walitumia vitu vya jinsi hii kushika maji katika udongo mkavu. Watu wa maua walizitia shanga katika vyombo vya kioo ili kupamba meza. Ni kazi njema zote hizo. Baadaye wafanyabiashara wakaona rangi zake, wakasema: Watoto watazipenda! Nao hawakukosea, maana watoto walizipenda mno.

Sasa angalieni jambo moja. Shanga hii haina akili ya kuchagua maji. Hukunywa maji ya beseni, na maji ya mvua, na maji yaliyo mwilini mwa mtu. Kile kile kinachomfurahisha mtoto katika beseni, yaani kuvimba, ndicho kinachomwua tumboni. Tena ikiachwa juani hunywea, ikarudi kuwa punje kavu. Ukiitia maji tena huvimba mara ya pili. Ikianguka chini ya kitanda hakuna aioneye. Hukaa pale, imekauka, ikingoja.

Yaliyotupata

Majuma mawili yalipita. Siku moja ya Jumatano nilikuwa nikisahihisha madaftari mezani, na mke wangu akichambua sombe nje. Kitinda mimba wetu, aliyekuwa na miezi kumi na mmoja, alikuwa akitambaa chini. Sikumwangalia sana, kwa sababu alikuwa kimya, na baba mwenye madaftari hamsini mezani hupenda kimya.

Mke wangu aliingia kuchukua chungu. Alisimama. Aliniambia baadaye kwamba kimya kile ndicho kilichomshtua, maana mtoto yule hanyamazi ila akiwa na kitu mdomoni. Alimwinua, akamfungua kinywa, akaingiza kidole kwa upande wa shavu, akakokota nje kitu chekundu. Kilikuwa kama haragi lililolowa usiku kucha. Kiliteleza kikaanguka sakafuni, kikaruka mara mbili.

“Baba watoto,” akaniuliza, “kingine je? Wajua kama hakumeza kingine?”

Sikujua. Ndugu zangu, nimefaulu mitihani mingi katika seminari na katika chuo, lakini swali lile sikuweza kulijibu.

Tulikwenda kwa Mama Masera wa dispensari, naye hakutuacha tukae hata dakika kumi. Alitutuma hospitali ya mjini. Daktari kijana alitusikiliza, kisha akatuomba tumwonyeshe kitu chenyewe. Nilikuwa nimekichukua katika kiberiti kitupu. Alikitia katika bilauri ya maji, akaiweka dirishani, akasema: “Kwa picha ya mionzi sitaiona. Karibu yote ni maji, na mionzi hupita ndani yake kama inavyopita katika nyama laini. Tutatazama kwa ekografia, nayo pia haioni kila kitu. Mtoto atalala hapa.” Tulilala hapa usiku mbili. Mama yake alishika rozari, mimi nikatazama bilauri ile dirishani. Kila nilipoitazama kitu kile kilikuwa kimezidi. Siku ya tatu mtoto alinyonya vizuri, akaenda choo vizuri, tumbo lake lilikuwa laini, tukaruhusiwa kurudi. Namshukuru Mungu, na namshukuru mke wangu kwa kidole chake.

Yaliyowapata wengine

Tangu siku ile nilitafuta habari, kwa kuwa nilitaka kujua kama woga wetu ulikuwa wa bure. Haukuwa wa bure. Huko Houston, katika Marekani, madaktari waliandika mwaka 2012 habari za mtoto wa kike wa miezi minane aliyemeza tufe la namna hii. Walipompasua walikuta limevimba kupita sentimeta 3, limeziba utumbo wake. Yule alipona. Katika Desemba ya mwaka ule ule mwenye kiwanda aliwataka watu warudishe pakiti zipatazo 94,700.

Lakini biashara haikukoma, ilizidi. Ofisi ya serikali ya Marekani yenye kazi ya kuwalinda wanunuzi wa bidhaa ilikadiria ya kuwa tangu mwaka 2016 hata 2022 watu wapatao 7,800 walipelekwa hospitali kwa haraka kwa sababu ya shanga hizi. Katika Julai 2023 mtoto wa miezi kumi alikufa katika jimbo la Wisconsin, naye alikuwa amemeza shanga iliyotoka katika sanduku la michezo la watoto. Sanduku lile liliuzwa katika duka kubwa linaloheshimiwa, tena kwa ajili ya watoto wenyewe. Septemba iliyofuata masanduku yapatayo 52,000 ya namna ile yaliitwa yarudishwe. Mwishoni mwa mwaka ule maduka makubwa matatu ya nchi ile, Amazon, Walmart na Target, yalitangaza kwamba hayatauza tena shanga za maji zitengenezwazo kwa ajili ya watoto. Na mwaka 2024 ofisi ile ile ilionya tena juu ya baadhi ya shanga hizi kubwa, kwa kuwa zilikutwa na akrilamidi, ambayo ni sumu, kupita kipimo cha sheria.

Mtaniambia: “Mwalimu, hayo ni mambo ya Marekani. Sisi hatuna mjomba huko Brussels.” Vema. Lakini twajua sote jinsi bidhaa zinavyosafiri. Kinachokataliwa na tajiri leo, kesho kutwa kinauzwa kwa bei ndogo mahali pengine, na maandishi ya onyo yameandikwa kwa lugha asiyoijua mnunuzi. Wachuuzi wetu waendao Dubai na Guangzhou huleta yale yanayonunulika. Shanga hizi huweza kuja kwa sura nyingi: katika chombo cha maua, au zikiwa risasi za bunduki za kuchezea, au ndani ya mpira laini wa kuminya. Na kwa rangi zake mtoto yeyote atadhani ni bonboni.

Tena wengi huuliza: je, mtoto mkubwa, mwenye miaka minane, asizichezee? Huyo huenda asizimeze. Lakini mtoto mkubwa ndiye azimwagaye, na mdogo ndiye aziokotaye. Katika nyumba zetu, ambamo wa miaka minane na wa miezi minane hulala katika chumba kimoja, mimi naona jibu ni moja tu: zisiingie. Mwenye nyumba isiyo na mtoto mdogo hata mmoja, wala haitembelewi na mtoto mdogo, aamue mwenyewe.

Kama zimekwisha kuingia, msizimwage katika mfereji wa maji, maana zitauziba. Zikusanyeni zote katika mfuko uliofungwa, mkazitupe pale ambapo mtoto wala kuku hafiki. Hameni vitanda, fagieni kila pembe, kisha fagieni tena juma lijalo.

Na ikiwa mwamdhania mtoto amemeza hata moja, msingoje dalili. Dalili huweza kuchelewa saa nyingi, hata siku, kwa kuwa shanga huvimba polepole. Mtoto hutapika, hukataa kula, hudondosha mate, tumbo lake huvimba na kumwuma, hakwendi choo, hulegea kama mwenye homa. Watu hudhani ni malaria au minyoo, wakampa dawa ya minyoo, na wakati unapita. Mpelekeni hospitali mara moja. Msimtapishe kwa nguvu, wala msimpe dawa ya kuharisha. Chukueni pakiti, au shanga moja, mwonyesheni daktari na kumweleza wazi, kwa sababu picha yake peke yake haitamwambia.

Ikiingia sikioni au puani, je? Hapa bibi zetu walikuwa na elimu kuliko wengi wetu. Mama yangu mzazi, asiyejua kusoma, alikuwa akituonya: haragi likiingia sikioni usitie maji, maana litaota humo! Ni vigumu liote, lakini litavimba na kukwama, na hilo ndilo alilotaka kusema. Kwa shanga ya maji onyo hilo ni kubwa mara kumi. Msitie maji, wala dawa ya matone. Mpelekeni kwa daktari likiwa kavu.

Basi wacheze nini?

Niliporudisha mtoto nyumbani, wale wakubwa wawili walilia. Hawakulilia ndugu yao, maana yeye alikuwa akicheka. Walililia macho ya samaki. Nikaona ya kuwa kumwondolea mtoto mchezo bila kumpa mwingine ni kumfundisha kuiba.

Mke wangu alileta beseni lile lile. Alitia maji kiasi cha upana wa kiganja, akawapa kibuyu kilichokatwa, kopo lililotobolewa kwa msumari, chupa mbili na mrija wa jani la mpapai. Wakacheza tangu saa nane hata saa kumi. Walijifunza ya kuwa kopo lenye tundu moja huchelewa kuisha na lenye matundu matano huisha upesi; ya kuwa kibuyu huelea na jiwe huzama; ya kuwa maji hayapandi mrija ila ukifyonza. Mimi huyafundisha hayo katika darasa la tano kwa ubao na chaki, na nusu ya wanafunzi husinzia.

Najua, maji yetu hayatoki ukutani. Mama huyabeba mgongoni katika bidoni, na si haki yamwagwe kwa mchezo. Kwetu maji ya mchezo huoshea sakafu, au humwagiliwa lengalenga. Nao watoto wakijua hivyo, huyachunga. Lakini shikeni neno hili: beseni la maji nalo si salama likiachwa. Mtoto ajifunzaye kutembea aweza kufa katika maji yasiyofika goti lake, tena bila kelele. Mkubwa akiondoka, maji yamwagwe kwanza.

Kuna udongo wa mfinyanzi. Wapeni bonge moja na jani la mgomba la kuwekea. Watafinyanga ng'ombe, mitumbwi, na Padri mwenye tumbo kubwa (wangu walifanya hivyo, nami nikajifanya sikuona). Kuna bugali lililobaki, ambalo likikandwa na unga kidogo na chumvi huwa laini kama nta. Kuna mchanga wa ziwani na gunzi la mahindi la kuchoria. Kuna mfuko wa kubahatisha, ambao Montessori pia aliutumia: tia ndani ya mfuko kijiko, jiwe, ndizi, ufunguo na kipande cha kitambaa, mtoto aingize mkono bila kutazama na kutaja alichokishika. Mchezo huo hauna gharama yoyote, na siku za mvua hata shangazi zao hucheza.

Wanaotaka hasa zile tufe laini zenye kuteleza, wakumbuke ya kuwa nchi hii ina muhogo. Wanga wa muhogo ukifinyangwa kuwa tufe ndogo na kupikwa majini huwa kama kioo, laini, wenye kuteleza. Watu huzila, ndiyo tapioka. Hazitaota tumboni mwa mtu. Lakini hata hizo, na maharagi, na punje za mahindi, na karanga, asipewe mtoto aliye chini ya miaka mitatu, kwa kuwa kila kitu kidogo kwake ni chakula, na koo lake ni jembamba.

Kijana wa Becchi

Wakati wa usiku zile mbili hospitalini nilimkumbuka mtakatifu tuliyempenda sana seminarini, Yohane Bosco. Alizaliwa mwaka 1815 huko Becchi, katika Piemonte, mwana wa wakulima maskini, na baba yake alikufa yeye angali mdogo sana. Alijifunza michezo ya watembezi wa sarakasi, kutembea juu ya kamba na kurusha vitu hewani, akawakusanya vijana wa kijiji. Wakifika kutazama, huwasalisha kwanza. Wanawe Wasalesiani walifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1911, na wengi wanaosoma makala haya walifundishwa nao au na wanafunzi wao.

Mwaka 1877 aliandika kwa kifupi njia yake ya malezi, akaiita njia ya kuzuia. Seminarini tulidhani maana yake ni kukataza: usifanye hiki, usiguse kile. Sivyo. Maana yake ni kuwapo. Mlezi hushuka uwanjani, hucheza pamoja na vijana, huwatazama kwa upendo, hata kosa likose nafasi ya kuingia. Don Bosco hakuketi ofisini akangoja mtoto aanguke ili amwadhibu au amlilie.

Na mimi siku ile ya Jumatano nilikuwa hatua tatu tu kutoka kwa mwanangu. Hatua tatu! Sasa madaftari nayasahihisha usiku, watoto wamelala. Alasiri nakaa kwenye kigoda karibu na beseni, na mara nyingi suruali yangu hulowa. Majirani wengine hucheka wakiona mwalimu mzima akimimina maji kwa kibuyu. Wacheke tu. Wawili kati yao wamekwisha kuleta watoto wao, nao wameleta na vibuyu.

Ile pakiti tuliitupa mwezi Januari, na mke wangu alifagia nyumba nzima mara nne. Jumamosi iliyopita, katika Agosti hii, tulihamisha kabati ili kupaka ukuta chokaa. Nyuma ya mguu wake alikuta chembe moja ya buluu, imekauka, imefunikwa na vumbi, ndogo kama punje ya ulezi. Hakusema neno. Aliitia katika kikombe cha maji, akaiweka juu ya rafu mbali na watoto, akarudi kazini. Tulipokusanyika kwa sala ya jioni alinishushia kikombe nikitazame. Ilikuwa imekwisha kuwa jicho la samaki.